Mikono Inakumbuka, Mapafu Yamesahau

Leo naomba mnivumilie kidogo, maana sitaandika juu ya Linux, wala simu, wala bei ya data. Nitaandika juu ya kuogelea. Najua mtashangaa, lakini tukifika katikati mtaona kwamba ni mambo yetu yale yale ya programu na mashine, ila safari hii mashine ni mimi mwenyewe, na hitilafu yake nusura iniue.

Kuna usemi tunaourudia sote bila kuufikiria: aliyejua kuendesha baiskeli hasahau. Watu wa Pwani tunasema hivyo hivyo kuhusu kuogelea. Maoni yangu ni kwamba usemi huu ni wa kweli, na ukweli wake ndio hatari yake. Ungekuwa uongo usingemdhuru mtu, kwa sababu ungemkamata mtu akiwa bado kwenye maji ya magoti.

Mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka saba au minane, si kwa mwalimu bali kwa kusukumwa majini na wavulana wakubwa. Baadaye mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, akanifundisha yale ambayo wavulana wale hawakuyajua: kulala chali juu ya maji ukichoka, kuvuta pumzi upande bila kuinua kichwa chote, kutoshindana na mkondo. Nikiwa kidato cha pili niliweza kukaa maji marefu saa nzima bila kutafuta pa kukanyaga. Halafu nikaja Nairobi kusoma, nikapata kazi ya kuandika programu, nikapata kiti. Mara yangu ya mwisho kuogelea kwa dhati ilikuwa 2008. Tangu hapo, kila nikienda nyumbani nilikuwa mtu wa kukunja suruali na kulowesha miguu, simu nimeishika juu isilowe.

Basi Desemba 2024 tulishuka Mombasa kwa likizo, na binti yangu wa miaka tisa akataka bahari. Tulikwenda ufuo wa umma wa Bamburi, ule ambao watu wengi wanauita Pirates. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Ukiwa mtu wa Pwani umeshaelewa tatizo langu. Mimi pia ningelielewa nilipokuwa na miaka kumi na tano! Nilimkodishia mtoto tyubu, nikamwacha na mama yake kwenye maji ya kiunoni, kisha nikamwonyesha ngalawa iliyotia nanga mbele yetu, kama mita mia moja na hamsini hivi. "Mwangalie baba yako," nikamwambia.

Nilipofika maji ya kifua nikajitupa. Hapa nataka nieleze vizuri, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe. Sikufikiria chochote. Mkono wa kulia ulikwenda mbele wenyewe, kiganja kikaingia maji kwa ncha za vidole, kiwiliwili kikageuka kidogo, mdomo ukatokeza upande wa kushoto ukachukua hewa. Mimi siku zote huvuta pumzi upande wa kushoto, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ndivyo nilivyo. Mwili haukusahau. Miaka kumi na sita, na kila kitu kilikuwa pale pale nilipokiacha, kama faili ambayo hakuna aliyeigusa. Mapigo thelathini ya kwanza yalikuwa raha tupu. Nilicheka ndani ya maji, nikasema moyoni, kumbe bado ni mimi!

Nilifika ngalawani. Nikashika ubavu wake, na mikono ikawa inatetemeka. Nilikuwa nahema kama mbwa aliyekimbizwa. Mtu mwenye akili angebaki pale, akapumzika hata nusu saa, akamwita mtu. Lakini nilimwona binti yangu akinipungia mkono kutoka mbali, nami nikampungia, nikaachia.

Kwenda nilikuwa nimesaidiwa na maji. Kurudi nikakutana nayo uso kwa uso. Nilipiga labda mita arobaini, kisha hewa ikaanza kutonitosha. Ukikosa hewa unainua kichwa juu zaidi uitafute. Ukiinua kichwa miguu inazama, na miguu ikizama unakuwa unasukuma maji kwa kifua, kazi inazidi, hewa inapungua tena. Wanaoandika programu wanakijua kitanzi cha namna hiyo, kinachojiita chenyewe mpaka kumbukumbu ya mashine inakwisha. Niliijua dawa yake. Lala chali, tulia. Nilijaribu, lakini kulala chali kunataka kifua kijae hewa na kitulie, na kifua changu kilikuwa kikipanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Nikanywa maji mara mbili. Mara ya tatu nikaona ufuo umesogea mbali zaidi badala ya kukaribia, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Kijana mmoja wa wale wanaokodisha tyubu alikuwa ameniangalia tangu nilipoachia ngalawa. Alikuja amelalia tyubu kwa kifua, akipiga miguu taratibu, bila kelele wala haraka. "Mzee, shika hapa. Usipige maji. Shika tu." Nikashika. Hakunipeleka ufuoni moja kwa moja, alikata upande, sambamba na ufuo, mpaka tukatoka kwenye mkondo, ndipo akageuza. Sikuwa na nguvu hata ya kusema asante. Nilipokaa mchangani, saa yangu ya mkononi, hii ya kisasa inayohesabu mapigo ya moyo, ikatetemeka na kunipongeza kwamba nimefikisha lengo langu la mazoezi la siku.

Binti yangu akanitazama muda mrefu. Akasema, "Baba, si ulisema unajua kuogelea?"

Najua. Hilo ndilo lililonifanya nikae na swali hili miezi kadhaa. Kama ningekuwa sijui, nisingevuka maji ya kiunoni.

Jioni mjomba aliposikia hakunionea huruma hata kidogo. "Maji yatoka, wewe waenda nje. Wafuata nini?" Akanikumbusha hesabu ambayo alinifundisha zamani. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hupita mita tatu. Maji huchukua kama saa sita kutoka, lakini hayatoki kwa kasi moja. Mabaharia hugawa maji yote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hutoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake nusu ya maji yote huondoka katika saa mbili za katikati. Siku za bamvua Mombasa maji hujaa alfajiri na kupwa karibu na saa tano asubuhi, kwa hiyo saa mbili na nusu nilikuwa katikati kabisa ya saa hizo mbili, ndani ya mwamba, maji yote yakitafuta mlango wa kutokea bahari kuu. Mwili wangu ulikumbuka namna ya kugeuza kiganja, lakini mimi sikukumbuka kutazama mwezi.

Baada ya kurudi Nairobi nikaanza kusoma, kama ilivyo kawaida yetu kitu kikiharibika. Kwanza nilitaka kujua kwa nini mkono haukusahau. Kisa maarufu zaidi ni cha Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibiwa kifafa, na tangu siku hiyo hakuweza kutunza kumbukumbu mpya za matukio. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama mkono wake kwenye kioo, kazi inayochanganya mtu yeyote. Kwa siku tatu Molaison alizidi kuwa hodari, ingawa kila akianza hakukumbuka kuwahi kuifanya. Hapo wanasayansi wakaona kwamba ustadi wa mwili una ghala yake, mbali na ghala ya "nilikwenda wapi jana".

Na ghala hiyo haivuji upesi. Mwaka 1962 Fleishman na Parker walichapisha utafiti wa watu waliofunzwa kufuatilia shabaha kwa usukani unaofanana na wa rubani, kisha wakaachwa. Hata waliorudi baada ya miezi 24 walikuwa wamepoteza kidogo tu, na walikirudisha baada ya mazoezi mafupi. Labda pia mmeona ile video ya 2015 ya mhandisi Destin Sandlin na baiskeli yake iliyogeuzwa usukani, ukipinda kulia gurudumu linakwenda kushoto. Ilimchukua miezi minane kuimudu. Halafu akapanda baiskeli ya kawaida, akaanguka-anguka kama dakika ishirini, na ghafla ule ustadi wa zamani ukarudi mzima mzima. Haukuwa umefutwa.

(Tahadhari moja hapa, kwa sababu kuna anayeweza kunielewa vibaya. Haya ni ya ustadi wa mwendo usiokatika, kama kuogelea, baiskeli, kupiga makasia. Ustadi wa hatua kwa hatua ni habari nyingine. Kumfufua mtu kwa kumbana kifua, kwa mfano: tafiti nyingi zimeonyesha kwamba aliyefunzwa huanza kupungua ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kama ulisomea huduma ya kwanza 2015 usijidanganye kwamba unaijua.)

Kisha nikatafuta upande wa pili, upande wa mapafu na moyo, na hapo ndipo nilipokuta utafiti ulionikalisha kitako. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka ishirini walilazwa kitandani wiki tatu, bila ugonjwa wowote. Walipoamka, uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni ulikuwa umeshuka zaidi ya robo. Wiki tatu tu! Mwaka 1996 watu wale wale watano walipimwa tena, sasa wana miaka hamsini. Miaka thelathini ya kuzeeka na kunenepa ilikuwa imewaharibu kidogo kuliko zile wiki tatu za kitandani. Na walipopewa mazoezi ya miezi sita, walirudi pale walipokuwa 1966 kabla ya kulazwa.

Nimeusoma utafiti huo mara tatu. Una habari njema ndani yake, lakini mimi nilichokiona ni tofauti ya kasi. Ustadi unakaa miaka, pumzi inaondoka kwa wiki. Unaporudi, ustadi unarudi kwa dakika, pumzi inarudi kwa miezi. Kati ya dakika zile na miezi ile kuna kipindi ambacho mtu ana programu ya kijana wa miaka kumi na minane ndani ya mashine ya mzee wa miaka arobaini na mbili aliyekaa kwenye kiti, na skrini haionyeshi onyo lolote. Kila ishara anayoipata kutoka mwilini inamwambia mambo ni sawa. Mkono uko sawa, mwendo uko sawa, na ile furaha ya kurudi ni kubwa kiasi kwamba inafunika mlio wa moyo.

Kwa hiyo simlaumu mtu anayeanza. Anayeanza ana woga wake, na woga unamlinda. Anayenitia wasiwasi ni anayerudi, na ukichunguza utaona kwamba hakuna aliyemfikiria. Nilipokwenda kujiandikisha kwenye kidimbwi kimoja hapa Nairobi, fomu iliniuliza: Unajua kuogelea? Ndiyo, hapana. Nilikaa na kalamu mkononi kama mtu anayejaza fomu ya ushuru. Programu za mazoezi kwenye simu nazo ni hivyo hivyo, zinakutaka uchague kama wewe ni mwanafunzi, wa kati, au hodari. Mimi ni yupi? Mkono wangu ni hodari na mapafu yangu hayajafika hata darasa la kwanza. Sisi wenyewe waandishi wa programu ndio tunaounda fomu hizi, na tunapenda sana sanduku la ndiyo na hapana kwa sababu linachukua biti moja.

Ombi langu ni dogo. Ongezeni swali moja tu: mara ya mwisho ilikuwa lini? Tarehe. Si lazima mfanye hesabu yoyote ya ajabu nayo. Mtu akiandika 2008 kwa mkono wake mwenyewe, nadhani mkono huo utatulia kidogo. Na kidimbwini, mlinzi wa majini akiona 2008 kwenye karatasi atajua ni nani wa kumtupia jicho, maana macho yake kwa kawaida yanawafuata wale wasiojua, na anayejua anapita mbele yake akiogelea vizuri kabisa mpaka dakika ya nne. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021. Sidai kwamba wengi wao walikuwa kama mimi, maana wengi ni watoto na vijana. Nasema tu kwamba fomu yetu ingeniandika mimi upande wa waliosalama.

Rafiki yangu mmoja ofisini, tulipokuwa tukinywa chai, alinipinga. Alisema nazidisha, kwamba mtu mzima anajua mwenyewe kama amechoka. Nilimjibu kwamba kuchoka kwa kukimbia na kuchoka kwa kuogelea si kitu kimoja. Ukichoka ukikimbia Karura unakaa kando ya njia unaona haya. Majini hakuna kando. Akasema basi mtu arudi kwa mchezo mwingine. Hilo nalo silikubali. Ile furaha ya mapigo thelathini ya kwanza sikuwa nimeionja kwa miaka kumi na sita, na sitaki kuipoteza tena kwa sababu ya woga.

Basi nilianza Januari 2025, kidimbwini. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 na zaidi, hewa yake ni nyepesi, na maji baridi ya kidimbwi hayakubebi kama ya chumvi. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa kama gramu ishirini na tano zaidi ya maji ya kawaida, na mtu aliyezoea chumvi anaziona hizo gramu kwenye miguu yake. Nilijiwekea sheria ya kuchekesha: siruhusiwi kufuata mkono. Nikimaliza urefu mmoja wa kidimbwi, mita ishirini na tano, nashika ukingo mpaka niweze kusema sentensi nzima bila kukatika, hata kama mikono inawasha kutaka kuendelea. Siku ya kwanza nilifanya marefu manne tu, na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na miaka labda sabini alinipita mara nane. Wiki ya tatu bega la kulia likaanza kuuma, kwa sababu bega pia ni mashine na hakuna aliyeliambia kwamba tumerudi. Nikapumzika siku kumi. Mwishoni mwa mwezi wa nne niliweza marefu ishirini kwa mfululizo, polepole, kama ngamia.

Binti yangu naye anajifunza, kwa mwalimu wa kweli, si kwa kusukumwa. Yeye ndiye hunikagua ile sentensi yangu ukingoni. Akiona nimeikata anasema, "Bado, Baba," nami nabaki nimeshika ukingo.

Agosti 2025 tulishuka tena Mombasa. Safari hii mjomba ndiye aliyechagua siku: maji mafu, wiki moja baada ya mwezi mpevu, na saa ambayo maji yalikuwa yakijaa. Yule kijana wa tyubu nilimkuta pale pale. Nilimlipa akae karibu nami, akaona ajabu kulipwa kwa tyubu ambayo hakuna aliyeipanda. Nilikwenda mpaka karibu nusu ya njia, nikalala chali, nikaangalia mbingu kwa muda, kifua kikajaa na kutulia. Kisha nikageuka, nikarudi.

"Mbona hukufika kwenye ngalawa?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia sikuweza kumaliza sentensi.